Mfuniko wa Muikku

Verna Pelkonen unamsikia kabla hujamwona. Miaka ishirini na saba alitembeza barua mtaani kwetu hapa Thunder Bay, jua na theluji, na sidhani kama aliwahi kubisha mlango wa mtu kwa mkono. Alikuwa anasimama barabarani tu na kuita jina lako, unatoka mbio na taulo kiunoni ukidhani nyumba inaungua. Alipostaafu tukasema sasa tutapumzika. Wapi! Sauti yote akaihamishia kwenye barafu.

Kule kwenye ukumbi wa barafu yeye ni nahodha wa timu ya wanawake ya Alhamisi. Ni ule mchezo wa kusukuma jiwe zito liteleze hadi kwenye duara, wenzako wawili wakikimbia mbele yake na kufagia barafu ili jiwe lifike mbali. Nahodha anasimama mwisho kule, na kazi yake hasa ni kupiga kelele. "Fagia! Fagia! Acha! Fagia we mwanamke, unambembeleza nani?" Nimewahi kukaa nje kwenye gari langu, vioo nimepandisha, na bado nikajua jiwe la nani limepita na la nani limekwama.

Sasa mwanamke huyu, mjane wa miaka sabini na moja, ana paka watatu. Otto ni dume la rangi ya chungwa, kichwa kama kabichi, tumbo linatangulia miguu. Pipsa ni mdogo, mweusi, na akili zake ziko likizo tangu azaliwe. Halafu kuna Muikku, ajuza wa kijivu wa miaka kumi na sita. Jina ni la kisamaki cha Kifini, kwa sababu alipookotwa alikuwa mwembamba na mng'aro wake ni ule ule. Muikku ndiye aliyekuwa akilala kifuani kwa marehemu Reino, mume wa Verna, miezi yake yote ya mwisho. Kwa hiyo mjue tunamzungumzia nani.

Mwezi wa pili mwaka jana Muikku akaanza kukonda. Daktari wa wanyama, dada mmoja mpole anaitwa Boisvert, akampima na kusema figo zimechoka. Dawa yake ni chakula. Kuna chakula maalumu cha figo, ale hicho tu, kidogo kidogo kutwa nzima, asionje kingine. Akamweka kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia tisa.

"Bi Pelkonen," akasema, "mlete baada ya wiki tano. Akiongezeka, hata kidogo, tunaendelea naye. Akizidi kupungua, itabidi tukae tuzungumze yale mengine, ya kumpumzisha."

Mimi ndiye niliyekuwa dereva, maana jicho moja la Verna lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji. Tulipofika kwake akazima redio yangu bila ruhusa.

"Jirani," akasema, "hayo mengine mimi sitaki kuyazungumza."

"Basi tusiyazungumze."

"Basi inabidi ale."

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Muikku hula matonge mawili, halafu anakwenda kutafakari. Akigeuka, Otto ameshamaliza, anaramba na sakafu. Verna akijaribu kumfungia bibi kizee chumbani na sahani yake, anakwaruza mlango na kulia kama mtu aliyeonewa, na hali kitu.

Binti yake, Marlene, anaishi Winnipeg. Aliposikia akatuma mashine. Ni sahani yenye mfuniko unaojifungua wenyewe. Paka wa siku hizi wana chipu chini ya ngozi ya shingo, ndogo kama punje ya mchele, waliyowekewa wasipotee. Mashine inaisoma ile chipu. Ikimtambua mwenye sahani, inafungua, akiondoka, inafunga. Akija mwingine, mfuniko umenuna tu.

Kuitambulisha ni kazi ya dakika moja. Unabonyeza kitufe, na paka wa kwanza kuingiza kichwa, huyo ndiye mwenye sahani. Lakini hayo yameandikwa kwenye kijitabu, na Verna hasomi vijitabu. Anasema amesoma anwani za watu miaka ishirini na saba, zinamtosha. Alibonyeza vitufe vyote vilivyokuwepo, akainama kumtoa Muikku chini ya meza, akasikia mashine inalia kwa furaha, akasema kazi imekwisha.

Siku ya saba nilikwenda kunywa kahawa. Nimeshika kipande changu cha mkate wa iliki, namwona Otto anakuja. Haendi kwa wizi. Anatembea katikati ya jiko kama diwani. Akafika, zzz, mfuniko ukafunguka taratibu, kwa heshima zote. Akala chakula chote cha figo, akapangusa sharubu, akaondoka. Zzz, ukajifunga. Muikku akaja, akausogelea mfuniko, akaunusa. Kimya. Akatutazama.

"Umeona?" Verna akanguruma. "Mbovu! Nimemwambia Marlene vitu vya betri ni upuuzi!"

"Sio mbovu, bibie. Inafanya kazi vizuri mno. Inamjua Otto."

Akapiga simu Winnipeg hapo hapo. Simu ya Verna huna haja ya kuisogelea, unasikia pande zote mbili.

"Mama, ulipobonyeza kitufe, nani aliingiza kichwa?"

"Nitajuaje? Nilikuwa chini ya meza!"

"Chini ya meza unafanya nini?"

"Namtafuta mwenye sahani!"

Marlene alicheka mpaka simu ikakwaruza. Lakini Verna hakucheka. Alichukua mizani ya samaki ya Reino, akamtia Muikku kwenye mfuko wake wa zamani wa barua, akauning'iniza. Gramu hamsini zimekwenda. Mfuko ukining'inia vile na kichwa cha kijivu kimechungulia nje, akaniambia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Wiki nzima, jirani. Nimemlisha mwizi wiki nzima."

Tukaanza upya. Otto tukamfungia kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke, ambacho hakikuwa na moto kwa kuwa ilikuwa Jumanne na huwashwa Jumamosi tu. Pipsa tukamtupia soksi. Kitufe kikabonyezwa, Muikku akashikwa kiuno, kichwa kikaingia, mashine ikalia. Mara hii tulioshuhudia ni watu wazima wawili.

Mafunzo yenyewe yanataka subira. Kwanza unauacha mfuniko wazi siku kadhaa, paka ale aone ni sahani tu. Halafu unaufanya usogee kidogo, upana wa kidole. Halafu vidole viwili. Hivyo hivyo mpaka azoee kuona kitu kinatembea juu ya chakula chake. Siku tatu za kwanza Muikku alikula kama bibi harusi, kwa madaha. Siku ya nne mfuniko ukasogea kidole kimoja. Zzz. Masikio yakasimama. Akafikiri. Akaingiza kichwa.

"NDIYO!" Verna akapasuka. "Fagia mama, fagiaaa!"

Muikku alipita kati ya miguu yangu akaenda nyuma ya friji, akabaki huko mpaka saa kumi.

Tukailaumu mashine. Nikaweka taulo chini yake isitetemeke. Nikatia tone la mafuta. Kesho yake, zzz, masikio, kichwa, na paka nyuma ya friji. Keshokutwa vile vile. Nilianza kuona mbavu zake akipumua.

Aliyetuokoa ni Lempi, mfagiaji wa timu yao, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alikuja kurudisha sufuria, akakuta zoezi linaendelea, akasimama mlangoni na koti lake akatazama yote.

"Shoga," akasema, "mashine inasema zzz. Wewe unasema nini?"

"Namtia moyo."

"Unamtia wazimu. Mimi nimefagia mbele ya mdomo wako miaka kumi na minne, na sikio hili nimeshalisahau. Huyo hana hata kilo tatu."

"Sasa unataka nifanyeje? Ninyamaze?"

Mimi na Lempi tukatazamana. Lile neno lilikuwa halijawahi kukaa kinywani mwa Verna. Hata alilitamka kama mtu anayeonja ndimu.

Lakini alinyamaza. Wallahi alinyamaza. Na kwa kuwa hawezi kukaa bila kuongoza watu, akaleta ufagio wake wa barafu jikoni. Nahodha akiwa uwanjani huonyesha kwa ufagio mahali jiwe lielekee, na sisi tukawa mawe. Ufagio juu: Muikku anakuja, tulia. Ufagio chini: mshike Otto. Nilimpakata Otto kama mfuko wa saruji, ananikoromea tumboni. Pipsa alidhani ufagio umeletwa kwa ajili yake, akawa ananing'inia kwenye brashi, na Verna anaonyesha ishara na paka mzima juu ya fimbo. Mfuniko ukilia, Verna anajitia kitambaa cha vyombo mdomoni. Uso unakuwa mwekundu kama nyanya, macho yanamtoka, mabega yanaruka. Na Muikku anakula. Kidole kimoja. Viwili. Nusu ya mfuniko.

Mtaa ukaingia hofu. Jirani wa ng'ambo, Bi Kivelä, alinipigia simu.

"Niambie ukweli, mimi mtu mzima. Verna amefariki?"

"Hapana, anafundisha paka."

"Anafundisha paka kimya kimya?"

"Ndiyo."

"Basi anaumwa sana," akasema, na jioni nikakuta barazani kwa Verna supu ya samaki, bakuli mbili za tambi na jodari, na kadi ya pole. Verna akatoka kushukuru kwa kuinamisha kichwa tu, ndiyo mambo yakazidi. Alhamisi ilipofika, Lempi ananiambia, sauti ya wiki nzima ilimtoka pale ukumbini kwa pamoja, na timu ya pili waliokuwa uwanja wa jirani wakafagia wakidhani wanaambiwa wao.

Tulibakiwa na Otto. Naye si mjinga. Alipoona mfuniko haumfungulii, akabuni njia: anamsubiri Muikku afungue, halafu anakuja ubavuni, shavu kwa shavu, kama wapenzi wanaokula aiskrimu moja. Nikatafuta boksi la kadibodi, nikakata tundu la upana wa Muikku, nikaifunika mashine. Verna akapima tundu kwa macho, akanionyesha dole gumba.

Otto akaja. Akazunguka boksi. Akaingiza kichwa, akasukuma, kichwa kikapita na mabega yakakataa. Akarudi nyuma, boksi likarudi naye. Akatembea jiko zima amevaa boksi, anagonga kabati, anagonga kiti, anagonga mguu wangu. Pipsa alipoona boksi linatembea, akalirukia juu akapanda, wakaenda wote wawili hadi sebuleni kama gari na abiria wake. Tukasikia taa ya mezani ikianguka.

Sikuweza kumtazama Verna. Nilijua nikimtazama nimekwisha. Nikamtazama. Alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa mdomoni, machozi yanatiririka, anapiga zulia kwa kiganja. Mimi niliiuma kofia yangu.

Na katikati ya hayo, polepole, Muikku akatoka chini ya meza. Akaenda hadi kwenye mashine iliyobaki bila boksi. Zzz, mfuniko mzima, mwanzo mpaka mwisho, na hakutingisha hata sikio. Akala. Huko sebuleni vitu vinaanguka, yeye anakula. Akaramba sahani mpaka ikang'aa. Ndiyo mara ya kwanza, tangu augue, nilipoona sehemu ya chini ya sahani ile.

Wiki ya tano tukampeleka. Verna alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Daktari Boisvert akamweka Muikku kwenye mizani, Muikku akajizungusha, namba zikacheza, juu, chini, juu. Verna alinishika mkono wa koti. Nina hakika hakujua.

"Kilo tatu," daktari akasema. "Na gramu hamsini."

Nikasubiri kishindo. Hakikuja.

"Mtoe," Verna akasema kwa kunong'ona. "Mrudishe."

Akatolewa, akarudishwa. Tatu na hamsini. Akaomba mara ya tatu, daktari akacheka lakini akafanya.

"Bi Pelkonen, figo hazijapona, na hazitapona. Ila anakula, na ana nguvu. Nionyesheni tena baada ya miezi mitatu."

"Mitatu? Hiyo ni mwishoni mwa mwezi wa sita." Akanigeukia. "Umesikia? Mwezi wa sita mimi niko kwenye kibanda cha ziwani."

"Basi mlete wa saba," daktari akasema.

"Wa saba!" Verna akasema, akalirudia garini kama mtoto aliyepewa tarehe ya safari. Wa saba. Muikku ataona ziwa. Atalala kwenye gati. Atawanusa samaki wa kweli. Halafu ghafla akashika dashibodi.

"Jirani! Kule kibandani hakuna umeme!"

"Mashine inatumia betri."

"Ngapi?"

"Nne. Zinakaa miezi."

"Simama hapo dukani."

Nikasimama. Akaniwekea boksi la Muikku mapajani, akaingia, akachelewa. Akatoka na mifuko miwili ya betri, mmoja kila mkono, mizito hadi inamvuta mabega, na mwenye duka amemsindikiza mlangoni anashangaa.

"Verna, hizo ni za miaka mingapi?"

Akapanda, akanipokonya boksi la paka, akafunga mkanda.

"Hilo hata mwenye duka hakuniuliza," akasema. "Endesha."