Chai ya Kumaliza

Ngan Yuet-sim hakuwa mrembo, hakuwa mpole, na hakuwa na dogo. Kwa miaka kumi na moja alibeba birika la shaba katika nyumba ya chai ya Tai Hei, pale mtaa wa Sham Shui Po, na mimi nikasukuma kitoroli cha vitafunio nyuma yake. Birika lile likijaa lilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Yeye aliliinua kwa mkono mmoja, akamimina kutoka kimo cha bega bila tone kugusa kitambaa, huku akiimba kwa sauti yake kavu: "Chai hiyooo, ya moto, pokea mzee!" Mteja hata hainui macho. Anakunja vidole viwili, anagonga meza, basi. Hiyo ndiyo asante yetu, na ndiyo "nimepokea." Ukishagonga huwezi kudai hukupewa.

Simpambi. Dada Sim alikuwa na mdomo mchafu, na mumewe alihamia Macau akisema afadhali kuishi na mawimbi. Lakini nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu, na nasema wazi.

Mtaa ulikuwa mkononi mwa Kwok Pak-to. Tulimwita Kaka Pak kwa woga. Vijana wake walizunguka vibandani wakichukua walichotaka, na aliyekataa alipigwa mchana kweupe huku polisi wa kona akigundua ghafla kwamba viatu vyake vina vumbi. Mwaka ule wa 1978 walimvunja taya muuza uji wa mchele, bibi wa miaka sabini, kwa sababu aliwaambia uji umekwisha. Na kweli ulikuwa umekwisha.

Wiki ile ile, saa tisa mchana, kijana aliyempiga alikutwa kwenye ngazi za jengo letu, gunia kichwani, kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Mwezi uliofuata akavunjwa wa pili, kisha wa tatu. Hakuna kati yao aliyeona chochote isipokuwa ndani ya gunia. Mtaa ukaanza kutembea shingo juu. Wengine walisema ni askari aliyefukuzwa kazi, wengine wakaapa ni bondia kutoka Bangkok.

Mimi nilijua. Sisi tulifunga saa nane na nusu mchana, na mlango wetu wa chuma uliteremshwa kwa fimbo ndefu ya chuma yenye ndoano. Siku moja niliona fimbo imepinda. Nikamtazama Dada Sim, naye akanitazama.

"Ukisema, nitakuunguza huo ulimi," akaniambia.

"Dada, watakuua."

"Kwani wewe utaishi milele? Sukuma kitoroli."

Kaka Pak naye akapiga hesabu zake za kijinga: majeraha ya fimbo ya chuma, mkono wenye nguvu, basi ni mtu wa kazi za chuma. Wakamkamata Tong Fai, fundi wa milango ya chuma, baba wa mabinti wawili, mwanamume anayepanda kiti akiona mende. Kaka Pak akatangaza kwamba Ijumaa asubuhi Fai ataletwa Tai Hei mbele ya wazee wa chama chao akiri. Asipokiri, mkono wake wa kulia utakatwa.

Alhamisi Dada Sim hakula. "Nivunje mimi, akatwe Fai?"

"Basi kajitaje."

"Nikijitaja leo watanizika mimi, na Fai watamkata vilevile, wasije wakaonekana walikosea. Lazima jambo life kwanza, ndipo nijitaje."

Sikumwelewa. Nililala nikimwona Fai na mkono mmoja, akijaribu kufunga kitasa.

Wale majambazi wana sheria moja wanayoiogopa kuliko za serikali. Aliyekosa akimmiminia chai aliyekosewa, akalitaja jambo mbele ya wazee, na yule akaipokea na kuinywa, jambo limekufa. Anayelifufua ni mbwa, hata awe mkubwa namna gani. Asiyetaka kusamehe hufunika kikombe.

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko siku ya harusi. Mzee Yiu, mkubwa wa chama chao, alitundika kizimba cha ndege wake akaketi meza ya pili. Kaka Pak alikuwa meza ya kwanza, uso ndani ya gazeti la mbio za farasi. Fai alikaa kati ya vijana wawili, mkono wake wa kulia umewekwa mezani, juu ya kitambaa cheupe.

Dada Sim akatoka jikoni na birika. Akamimina meza ya wazee. Akafika kwa Kaka Pak, akainua birika hadi begani, akaimba kwa sauti ile ile tuliyoizoea:

"Chai hiyooo, ya moto! Chai ya kumaliza jambo la mikono mitatu, pokea Kaka Pak!"

Miaka kumi na moja alikuwa anaimbiwa, na miaka kumi na moja hakuwahi kusikiliza. Macho yake yalikuwa kwa farasi. Akakunja vidole viwili, akagonga meza. Akainua kikombe, akanywa, akakirudisha kitupu.

Niliacha kitoroli kikajigonge ukutani chenyewe.

"Pak," Mzee Yiu akasema polepole, "umesikia ulichokunywa?"

"Nimekunywa chai, mzee."

"Chai gani?"

Kaka Pak akashusha gazeti. Akatazama kikombe, akamtazama Dada Sim, akacheka. "Wewe bibi umechanganyikiwa? Mikono ya vijana wangu umeivunja wewe?"

"Mimi. Wa kwanza kushoto, kwa kuwa ndio aliompigia bibi wa uji. Wa pili kulia. Wa tatu alilia akiita mama yake, nikampunguzia. Muulize, si yule pale anayejificha nyuma ya nguzo?"

Kijana mwenye plasta mkononi akainamisha kichwa. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Ukumbi mzima ulimwona.

Kaka Pak akasimama. "Huyu mwanamke kanihadaa!"

"Kakuimbia waziwazi, watu mia mbili wamesikia," akajibu Mzee Yiu. "Umegonga, umekunywa. Chai ikishamezwa hairudi birikani. Au unataka niwaambie wenzetu kwamba siku hizi Pak ni mbwa?"

Kaka Pak akabaki kasimama, mikono haijui pa kwenda. Mwishowe akaketi. "Basi omba radhi," akasema kwa sauti ya chini. "Angalau hilo."

"Chai nimekupa," alijibu Dada Sim. "Radhi sina. Bibi wa uji mpaka leo anakunywa kwa mrija. Vijana wako wakirudia, na mimi nitarudia, na fimbo iko palepale nyuma ya mlango. Nikuongeze?"

Kaka Pak akafunika kikombe kwa kiganja. Amechelewa! Nilicheka kwa sauti, na sijutii.

"Mwachieni fundi," akasema.

Vijana wakasogea. Fai hakuinuka. Aliutazama mkono wake wa kulia pale juu ya kitambaa cheupe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha taratibu akakunja vidole viwili, akagonga meza.

Muuza samaki wa meza ya nyuma akagonga. Bibi wa uji, taya limefungwa kitambaa, akagonga. Wakagonga wachukuzi, wakagonga mafundi viatu, ukumbi mzima, hadi ndege wa Mzee Yiu akaanza kurukaruka kizimbani. Mimi nilikosa meza, nikagonga kifuniko cha kitoroli.

Dada Sim akageuka, kakunja uso.

"Mnagonga nini nyote?" akafoka. "Vikombe vyenu si bado vitupu?"

Akaenda jikoni kujaza birika.