Hatua Arobaini Hadi Lango la Zizi

Sisi tuliokulia bonde hili chini ya Tarime, kabla mji haujateremka kutufuata, tulikuwa na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa katani, ugali wa mtama wenye mchanga wake, na walimu waliodai ufagio na dumu la maji kabla ya kukuuliza jina. Nyumba zilikuwa saba. Nilizihesabu mara mbili. Ng'ombe sikuthubutu. Bibi alikuwa akisema, "Ukiwahesabu unawaita wezi. Mjue kila mmoja kwa rangi yake."

Mtoto wa leo anahitaji ramani ya simu kumfikia jirani. Nilikuwa nikimcheka, mpaka juzi.

Mama alinituma nimtafutie kaburi la baba. Kwetu mzee huzikwa kando ya lango la zizi, na zizi halipo tena. Baba zangu wadogo walikata viwanja wakauza. Sasa bonde limejaa walimu, wauguzi na wachimbaji wa dhahabu wa Nyamongo, wanaotoka alfajiri kwa bodaboda na kurudi jioni. Mama anataka, siku yake ikifika, azikwe pembeni ya mumewe.

"Usihofu, mama," nikajigamba. Utotoni nilishapima: kutoka mwamba wa kuanikia mtama hadi langoni, hatua arobaini. Nikatembea arobaini, nikatokea kwenye banda la kuku la mtu. Nikarudia. Kuku walewale. Ndipo nikakumbuka kwamba hatua zile zilikuwa za mtoto wa darasa la pili. Nikaanza upya kwa vihatua vifupi. Mwanamke aliyekuwa akifua akaita wenzake: "Njooni muone, mzee anajifunza kutembea!"

Nikafika kwenye kibaraza cha vigae cha muuguzi mmoja kutoka Kigoma. Au lango lilikuwa penye uzio wa jirani yake? Mwamba wenyewe umepasuliwa nusu kupata kokoto, sijui nianzie upande upi.

"Shikamoo. Umepotea, baba?" muuguzi akauliza.

"Marahaba. Hapa ni kwetu," nikajibu, na sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Nikamleta mama. Akatazama vigae, akatazama uzio. Muuguzi akamletea kiti. Mama akaninong'oneza kwa Kikurya, mwenyeji asije akaumia:

"Mwanangu, nikikaa hapa, nitakuwa nimemkalia baba yako?"

Enzi zetu mtoto yeyote wa bonde hili angemjibu bila kuacha mchezo wake. Mimi nikatazama vigae, kisha uzio. Mama hakukaa. Tukabaki tumesimama, huku watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini wakitupita na kutukaribisha kama wageni.