Ringi la Kurudi kwa Mama

Saa nane mchana, jua la kukaanga ubongo, kambi nzima imejilaza baada ya chakula.

Uwanjani niko peke yangu. Buti nimefunga, begi mgongoni, kipande cha nondo mkononi. Mbele yangu linaning'inia ringi la gari.

Nikiligonga mara tatu tu, narudi kwa mama.

Msinicheke kwanza, jamani. Haya yote niliyaomba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Kabla ya kuingia jeshini nilikuwa bingwa wa kutazama video. Mafunzo ya kuruta wa nchi zote ninayo kiganjani! Ndoo ya maji siibebi bila kupumzika njiani, lakini niulize kuruta wa nchi gani anaamka saa ngapi.

Siku ya kwanza mkufunzi wetu, sajini mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani, akauliza, "Nani anajua mafunzo ya jeshi yakoje?"

Mkono juu. Nani tena? Mimi.

"Afande, inategemea nchi! Kuna nchi ya theluji, kuruta anatumbukizwa kwenye maji ya barafu. Kuna nyingine, Ijumaa wanarudi kwao kufuliwa nguo na mama zao. Na kuna kikosi, ukishindwa unagonga kengele mara tatu, unaenda zako!"

Jirani yangu akanivuta shati. Nikamtoa mkono.

Sajini akatabasamu. Ukiona sajini anatabasamu, ndugu yangu, kimbia.

"Kumbe tuna balozi hapa. Balozi, tutaizunguka dunia, mimi na wewe."

Na tukaizunguka kweli. Jumatatu tulikuwa nchi ya theluji: wenzangu wako darasani, mimi nimekaa kwenye pipa la maji baridi, meno yanagongana. Jumanne nchi ya milima: nikapanda kichuguu cha nyuma ya jiko mara arobaini, gogo begani.

Ijumaa nikamkumbusha kwa adabu, "Afande, ile nchi ya kufuliwa nguo na mama..."

"Sawa. Leo wewe ndiye mama."

Nikafua nguo za kombania nzima.

Kisha akanionyesha lile ringi karibu na ofisi. "Na kengele yako ile pale, Balozi. Mara tatu, unaenda zako."

Basi kila siku naliangalia, kila siku najiambia, kesho. Nimalize mbio hizi tu, kesho nagonga.

Kilichonizuia ni begi. Nilishaacha ushonaji, nikaacha ufundi umeme, nikaacha udereva, na kila mara narudi nyumbani na begi lile lile. Siku ya kuondoka mama alilishika mkanda, akasema, "Mwanangu, begi hili limechoka kurudi." Alisema akicheka, halafu akageuka haraka kufuta macho. Inaniuma mpaka leo.

Lakini wiki ya tisa malengelenge yakapasuka miguu yote miwili. Nikasema liwalo na liwe.

Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Weee! Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Huyu na buti moja, yule na shuka shingoni, mabegi yanaburutwa. Kufumba na kufumbua kombania nzima imejipanga mbele yangu.

Kumbe pale kambini ringi likilia mara tatu ni hatari, kila mtu uwanjani na begi lake! Somo hilo lilifundishwa nikiwa kwenye pipa. Wenzangu wote walijua, ila nani angeniambia wakati sikuwahi kunyamaza?

Kamanda wa kambi akatoka ofisini na mgeni wake, mkubwa wa wakubwa, anatazama saa.

"Dakika tatu! Na huyu wa kwanza kabisa, begi mgongoni! Zoezi hili kaanzisha nani?"

Sajini akasogea ubavuni mwangu, akanong'ona, "Balozi, sema ukweli uende kwenu. Au kwa mara ya kwanza maishani mwako, nyamaza."

Nikafungua mdomo. Mkono wangu ukagusa mkanda wa begi, pale pale alipoushika mama.

Nikafunga mdomo.

"Ni huyu, mkuu," sajini akasema. "Ana uzoefu wa nchi nyingi."

Siku ya kuhitimu nikamuuliza, "Afande, ningegonga wiki ya kwanza ungeniachia?"

"Kuacha ni fomu, ofisini, mlango wa pili. Ringi nilikupa kwa sababu mtu akijua mlango uko wazi, haruki ukuta. Ulisema kesho mara ngapi?"

"Kila siku, afande."

"Basi mafunzo yenyewe ndiyo hayo."

Mama akaja, akalipokea begi, akanitazama juu mpaka chini. "Uliwezaje, mwanangu?"

Nikavuta pumzi nimsimulie kuhusu nchi ya theluji. Nyuma yangu sajini akakohoa.

"Nilinyamaza, mama."

Ndugu zangu, ukiwa na mdomo mrefu, uwe na miguu ya kuubeba. Na ukitaka kuacha jambo, acha kesho.