Kiganja cha Shangazi Getini

Kila asubuhi, kabla ya kufungua geti la bustani ya mtaa, shangazi yangu huloweka kiganja cha kulia kwenye ndoo ya maji baridi, huhesabu hadi thelathini, kisha hukifuta kwa pindo la sketi. Cha kushoto hana habari nacho. Cha kulia ndicho sheria.

Kamati ya wakazi iliamua hivi: baiskeli za umeme ziingie, lakini zikiwa zimezimwa, zikanyagwe kama baiskeli nyingine. Nani atajua kama zimezimwa? Shangazi, mlinzi wa geti, akasema mkono wake utajua. Tangu hapo kila anayetoka na baiskeli ya umeme hushikwa mota ya gurudumu la nyuma. Ikiwa ya moto, mwenyewe haingii tena mwezi mzima.

"Jua hilo, mama!" hulalamika.

"Jua limeichagua mota peke yake? Hebu shika kengele yako. Baridi kama barafu! Haya, tuonane mwezi ujao, baba."

Mwaka huu magoti yakaanza kumgomea, na kazi yake inamtaka azunguke bustani yote mara mbili kwa siku. Akishindwa, apewe mwingine. Kamati ikamhurumia, ikamnunulia baiskeli ya umeme. Ikamkumbusha pia kwamba sheria ni ya wote: asiiwashe. Shangazi akashukuru sana. Na kweli, tangu siku hiyo hakuchelewa mzunguko hata mmoja.

Ijumaa moja mwenyekiti, fundi saa mstaafu, alimkuta anarudi getini. Mjumbe mmoja alikuwa naye.

"Leo na wewe tukushike, mama," alitania, akainama na kugusa mota. Akautoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria jikoni.

Utani ukaishia hapo. Nilikuwa nimemletea shangazi chakula. Nikaukumbatia mkebe, nikitazama viatu vyangu. Akifukuzwa yeye, nani atakubali kukaa pale kutukanwa kutwa?

Nadhani mwenyekiti naye aliwaza hivyo.

"Jua hilo," alisema mwishowe.

"Kali kweli leo," akaitikia mjumbe, akikung'uta maji kwenye mwavuli wake.

Jioni, nikimchua shangazi magoti, nilijikaza nikauliza.

"Shangazi, uliiwasha?"

"Niliiwasha. Tangu siku waliyoniletea."