Kopo la petroli

Jana Mjimwema nilimkuta fundi anamwaga petroli ya mashine ya kupukuchulia mahindi, na ile harufu ikanirudisha nyumbani Maposeni.

Msimu ulikuwa umeisha. Baba alimwaga petroli yote kwenye dumu, akabadilisha oili, akaifunika mashine kwa turubai. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona ameinyima chakula. Alipoenda kunawa mikono nikachota kopo moja, nikaimiminia tena, nikajiona nina huruma sana.

Mavuno yaliyofuata, mchana wa jua kali, mashine ikagoma. Baba alivuta kamba mpaka shati likalowa. Alipofungua kabureta ikatoka harufu chachu, kama pombe ya juzi.

"Petroli imeozea humu," alisema. "Mama Neema, kwani mwaka jana sikumwaga?"

"Nijuaje mimi? Mashine yako, kichwa chako," mama alijibu, akacheka.

Baba hakucheka. Tulijaza mahindi kwenye magunia tukayapiga kwa fimbo, pu, pu, mpaka mikono ikafa ganzi. Nilijua ni mimi. Nikaendelea kupiga.

Siku hizi najua petroli ikikaa miezi mingi inaharibika na kuziba kabureta. Ila baba bado anaamini alisahau. Kila msimu ukiisha ananipigia simu. Jana jioni alipiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nimemwaga petroli, unikumbukie. Kichwa changu hiki si cha kukiamini."

"Sawa, baba," nikasema.

Nimechoka na hiyo sawa yangu.