Siku Magugu Yalipotuchukua

Nilikuwa na miaka arobaini na saba nilipopata pasipoti yangu ya kwanza. Wakati huo nilikuwa nimefundisha jiografia katika shule ya msingi huko Kondoa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nilichora Ziwa Viktoria ubaoni mbele ya watoto ambao, kama mimi, maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya mto unaojaa siku tatu kisha unakauka. Kwetu maji tunayafukua. Nimekua nikichimba mchanga wa mto na kungoja shimo lilowe.

Safari tuliipanga wawili, mimi na mwalimu mwenzangu. Wiki moja kabla ya kuondoka, binti yake alijifungua mapema, naye akabaki kumuuguza. Dada yangu alidhani nami nitaahirisha.

"Peke yako, nchi ya watu, unakwenda kutafuta nini?"

"Kuona ziwa."

"Ziwa si lipo Mwanza?"

Lipo, lakini Mwanza nina mashemeji, na nina wanafunzi wa zamani ambao wakiniona barabarani husimama wakanyoosha mgongo. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niwe mtu asiyejulikana na asiyejua njia. Pale mpakani Namanga nilianza kujua maana yake. Nilikosea kujaza fomu mara mbili, na afisa akanionyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina langu.

Kutoka Nairobi nilipanda treni ya Kisumu. Aliyeketi mbele yangu alikuwa mwanamke wa rika langu, mjane, anayeuza omena, wale samaki wadogo ambao sisi tunawaita dagaa. Alikuwa akirudi kwake, ufukweni chini ya Kombewa, baada ya kumtembelea mwanawe. Alinigawia viazi vitamu vya kuchemsha bila kuniuliza kama nina njaa.

"Mimi niko na watoto tano," aliniambia.

"Watano," nikasema. Neno lilinitoka lenyewe.

Alinitazama, kisha akacheka polepole. "Wewe ni madam wa shule. Nyinyi watu wa Tanzania mnaongea kama redio."

Nilimwomba radhi. Alisema haina shida, lakini mimi iliniuma. Nimevuka mpaka kuikimbia kazi yangu, kumbe nimeibeba mdomoni.

Kulipopambazuka tulikuwa tunapita Muhoroni, miwa pande zote mbili mpaka macho yanachoka, na matrekta yenye shehena yamesimama kwenye kivuko yakingoja treni ipite. Tulipoagana stesheni ya Kisumu aliniandikia namba yake ya simu. "Ziwa ya town utaona majani tu," alisema. "Kuja kwangu."

Sikumwelewa hadi asubuhi ile niliposhuka kwa miguu kwenda kuliona. Nilifika mahali barabara inapoishia nikaona uwanda wa kijani, tambarare, umejaa maua ya zambarau, na korongo weupe wakitembea juu yake. Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa akiosha gari lake ziwa liko upande gani.

"Si hiyo unaangalia," akasema.

Nikatazama tena. Uwanda ulikuwa ukipumua. Uliinuka kidogo ukashuka, wote kwa pamoja, maua na ndege na kila kitu. Yalikuwa magugu maji, yamefunika ghuba nzima, na chini yake lilikuwapo ziwa nililosafiri siku tatu kuja kuliona. Nilisimama pale nusu saa nikishindwa kuondoka.

Siku mbili baadaye nilimpigia yule mama, nikaenda kwake. Kwake maji yalikuwa wazi, na kesho yake alikuwa na safari ya kufuata omena upande wa pili wa ghuba. Aliniuliza kama ninataka kwenda. Nilisema ndiyo kabla sijakumbuka kwamba siwezi kuogelea.

Tulikuwa watano kwenye boti: yeye, mimi, wanawake wengine wawili wachuuzi, na mwenye boti, mzee mwembamba ambaye wote walimwita Baba. Alinivalisha jaketi la kuokolea maisha mwenyewe, akakaza mikanda yake kama anayemvalisha bibi harusi. Injini ikawaka. Kwa muda wa saa moja niliona buluu na anga tu, nikawa nacheka bila sababu.

Mstari wa kijani aliuona Baba kwanza. Aligeuza boti kulia, lakini upepo ulikuwa unayasukuma magugu kasi kuliko nilivyodhani mimea inaweza kwenda. Mstari ukawa ukuta, ukuta ukazunguka nyuma yetu. Injini ilikohoa ikazima. Baba aliinyanyua, nasi tukaona mizizi imejisokota kwenye pangaboi lake kama nywele kwenye kitana.

"Imetufunga," alisema.

Tulikaa. Jua lilipanda. Mmoja wa wale wachuuzi alianza kuomba kwa Kijaluo, sauti ya chini, na mwenzake akiitikia. Magugu yaligusa boti kila upande, mazito, yakisuguana kwa sauti ya watu wanaonong'ona kanisani. Ndege mwenye vidole virefu alipita karibu yangu akitembea juu ya majani kama mwenye nyumba. Halafu, mbali kidogo, kipande kizima cha mafunjo kiliteleza kutupita, kirefu kuliko boti, na katikati yake palikuwa na kiota, na ndani ya kiota makinda mawili yameinua shingo. Kisiwa kilikuwa kinasafiri na wenyeji wake. Nilisahau kuogopa.

Nilipoinua macho niliona vilima vya ufukweni havipo mahali pake.

"Baba, vilima vinahama."

"Hapana," alisema kwa upole. "Vilima iko pale tu. Ni sisi tunaenda."

Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Nchi ya majani ilikuwa imetubeba kama takataka, pamoja na maombi yetu, na hakuna ramani niliyowahi kuichora iliyoonyesha kwamba nchi inaweza kuondoka. Niling'ang'ania ukingo wa boti kwa mikono miwili. Yule mama aliliona hilo.

"Ukiogopa, shika mimi," alisema.

Darasani ningesema: nishike. Nilimshika mkono nikaukumbatia kifuani kama mtoto, nikalia mbele ya watu wanne nisiowajua. Alisema neno moja tu, "Mos," pole, akaliacha hapo.

Alasiri tulikuwa tumesukumwa ndani ya hori, kighuba chenye maji mafupi, karibu na mafunjo. Baba aliinua kiganja ghafla. Tukanyamaza. Pumzi nzito ilisikika, kama mtu anayefungua lango la bati, kisha majani yakainuka hatua ishirini kutoka kwetu, na katikati yake kikatokea kichwa cha kiboko.

Nimefundisha wanyama wa majini kwa miaka yote ile. Sikuwa nimefundisha chochote. Macho yake yalitutazama, masikio yakazunguka mara moja, maji yakimwagika. Ule mgongo ulipoinuka nilihisi boti ikishuka na kupanda chini yangu. Kisha akageuka, akaanza kwenda, na alipokwenda magugu yalipasuka mbele yake. Alipita katikati yake kama jembe kwenye shamba bichi, bila haraka, na nyuma yake akaacha mfereji wa maji meusi, safi, mpana wa kutosha boti mbili.

Baba alimsubiri mpaka alipopotelea kwenye mafunjo upande wa pili, akasubiri tena. Hatimaye akachukua panga.

"Sasa. Kabla haijajifunga."

Kati yetu na ule mfereji palikuwa na hatua zile ishirini. Baba alikata kutoka mbele. Sisi wanawake tuling'oa kwa mikono, tukivuta kila gugu na mizizi yake ndefu na kulitupa nyuma. Yalikuwa mazito kama nguo zilizolowa. Konokono na vyura wadogo walituangukia mapajani. Nilivuta mpaka viganja vikachanika, na nilipochelewa yule mama alinihimiza, "Vuta, madam, vuta," nami nikavuta. Sikumwelekeza mtu. Nilifanya nilichoambiwa, na sikumbuki siku nyingine niliyochoka vile nikiwa na furaha vile.

Pua ya boti ilipoingia kwenye maji meusi, Baba alishika kasia, akatupeleka kimyakimya katika njia ya yule mnyama, mpaka tukatokea nje.

Tulitua ufukwe ambao hakuna kati yetu aliyekusudia kufika, jua likiwa linagusa maji. Wanawake wa pale waliona mikono yetu, wakatuletea maji ya moto na chumvi kwenye karai, kisha ugali na samaki. Walimuuliza yule mama mimi ni nani. Alijibu kwa Kijaluo, na wote wakanitazama wakatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. Sikuuliza alisema nini.

Asubuhi aliniambia kuna gari linalopita barabarani, naweza kurudi kwa nchi kavu wao wakiendelea na boti, hakuna atakayenicheka. Nilitazama nje. Magugu yalikuwa yameondoka yote usiku, hakuna hata jani moja, na maji yalikwenda na kwenda mpaka yakawa mbingu. Nilivua viatu nikaingia ndani yake mpaka magotini, chumvi ya jana ikiniwasha viganjani, nikashika ubavu wa boti nikapanda. Baba alinipa kopo la kuchotea maji yaliyovuja, akanionyesha mahali pa kukaa.