Migomba Isife kwa Heshima

Mwanangu, hujaanza hata kutambaa, nami tayari nakupa nasaha. Nimelifikiria hilo. Nimefikiria pia kwamba huenda siku moja ukayasoma haya ukacheka. Cheka tu. Lakini iko siku ninayoikumbuka, na naogopa nikingoja niwe mzee ndipo nikusimulie, nitakuwa nimeisahau harufu yake, harufu ya panga lililotoka motoni.

Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa karibu na Asumbi, kwa nyanya yako, nikitoka kwetu Ntimaru. Yeye hakujua Kikuria, na Kijaluo changu kilikuwa cha kusalimia tu, basi tukaishi kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Aliniita Nyar Ntimaru, binti wa Ntimaru, ndiyo desturi ya huku. Nilikuja na shahada ya kilimo na hofu tele.

Fahari ya nyanya yako ilikuwa migomba iliyo nyuma ya nyumba. Chini yake hapakuwa na jani wala nyasi. Alipalilia kwa jembe mpaka udongo ukawa mtupu kama ua lililofagiliwa, na wapita njia wakamsifu. Mimi nikiutazama nilikosa usingizi. Nilijua mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, umefika vijiji vya jirani: majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Nilijua jembe huijeruhi mizizi, na jeraha ni mlango wa ugonjwa. Nilijua udongo ulio uchi, unaochomwa na jua, hupoteza wale viumbe wadogo wasioonekana ambao wakifunikwa na kulishwa huwabana vimelea wa maradhi. Nilijua yote hayo, nikanyamaza. Mke mgeni atamwambiaje mama mkwe kwamba usafi wake ni hatari? Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine. Kisha mgomba mmoja wa pembeni ukalegea majani, nikajiambia labda ni jua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Na mimi nilikuwa nayaficha maradhi ambayo hata hayakuwa yangu.

Ndipo jirani akafiwa. Huku kukiwa na matanga, vijana huzunguka boma hadi boma wakikata majani ya migomba ya kufunikia vyakula na kutandikia nyama, na hakuna anayewazuia. Mfiwa hanyimwi. Asubuhi hiyo niliwasikia kwa jirani wa pili, wakicheka, panga likilia kwenye mashina. Panga lile lile, boma hadi boma, likibeba usaha wa mgomba mgonjwa hadi kwa mzima. Nikasimama mlangoni, nikarudi ndani, nikasimama tena.

“Nyar Ntimaru,” nyanya yako akasema huku akikoroga uji, “unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi.”

Nikataga. Nilisema yote kwa mkupuo, panga, usaha, jembe, udongo uchi, bila mpangilio. Nilipomaliza nikadhani nimeivunja ndoa yangu.

“Hayo umeyajua tangu lini?”

“Tangu nifike, Mama.”

“Na ulikuwa unangoja nini?”

“Niliogopa kukukosea heshima.”

Akauweka mwiko chini. “Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Wewe umekuja. Mimi nitapona lini, migomba ikishakufa kwa heshima?”

Vijana wakaingia. “Waambie wewe,” akaninong’oneza. “Mimi nasimama nyuma yako.”

Sauti ilinitetemeka, lakini ilitoka. Majani watapata, ila panga lipite motoni kwanza.

“Shemeji, hii panga tunachoma kama nyama?” mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

“Kama nyama,” nyanya yako akamjibu kutoka nyuma yangu. “Na usipochoma, leo hapa hupati hata jani la kupangusia mikono.”

Wakalichoma. Walipoondoka nikaukata ule mgomba wa pembeni, chini kabisa usawa wa ardhi. Usaha wa manjano ukatiririka. Nyanya yako alijishika mdomo.

“Na hii mingine?”

“Sijui, Mama.”

Hilo lilikuwa gumu zaidi kulisema kuliko yote. Sikumdanganya: viumbe wale wa udongoni hawaufufui mgomba uliokwisha kuugua, bali huipa nguvu ile iliyo hai. Alinung’unika kwamba watu watasema amezeeka, analala kwenye takataka. Hata hivyo yeye ndiye aliyetangulia kubeba nyasi kavu na mabua ya maharagwe, akatandaza, kisha katikati tukapanda malenge yatambae. Jembe likatundikwa. Migomba mingine iliugua, nayo tukaikata, kila mara panga likirudi motoni. Kila alfajiri nilitoka kuhesabu majani ya manjano.

Mvua zilipofika, nyanya yako aliinua matandazo akachota udongo, mweusi, wenye nyungunyungu. Akaunusa. Kisha akaurudishia blanketi lake.

Migomba iliyobaki imesimama. Bado naikagua kila asubuhi, sijui kuacha. Lakini ndizi ya kwanza uliyopondewa, ukaitema kisha ukaitaka tena, ilitoka pale.

Basi sikia. Ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, heshima ni kumwambia. Liseme kwa upole, na hata ukiwa unatetemeka liseme, kabla panga halijafika. Usichokijua, kiri hukijui. Na ardhi usiivue nguo ili wapita njia wakusifu.

Mungu akufunike kama tulivyoufunika udongo ule, na mizizi yako isijeruhiwe na jembe la mtu anayekupenda.